Chapa ya Mzee Kipuyo

Mzee Kipuyo hakuwa mtu wa kupiga kelele mjini. Lakini asubuhi hiyo, katika duka la redio la Damasi pale Bagara, sauti yake ilifika hadi kwa wauza mitumba ng'ambo ya barabara, na alikuwa na haki.

Mwaka jana Damasi aliwauzia wafugaji wa kijiji cha Kipuyo skana kumi na mbili za redio, za kuwasikilizia vijana wa doria wanapotangaza simba walipo. Juzi doria wakahamia mtambo mpya, skana zote zikawa viziwi mpaka programu zake zisasishwe. Siku ya pili tu simba waliingia bomani kwa jirani yake Sanaet, wakaua mitamba mitatu. Doria walikuwa wametangaza, lakini nani angewasikia? Zizi lililofuata lilikuwa la Kipuyo. Akachukua skana yake, akapanda gari la alfajiri.

Shikamoo ilitolewa, marahaba ikaitikiwa, kisha Damasi akaigeuza skana. "Namba ya kifaa iko wapi, mzee?"

Penye kibandiko cha namba palikuwa na chapa ya ukoo, imechomwa kwa chuma cha moto kama ilivyo kwenye paja la kila ng'ombe wa Kipuyo.

"Nimeipiga chapa. Ni mali yangu."

"Umeunguza namba! Bila namba kampuni haisasishi kitu. Tena vifaa vilivyofutwa namba huwa ni vya wizi. Iache hapa kwanza, mpaka mwenyewe ajulikane."

Wizi! Mzee wa watu kapiga chapa ili dunia nzima ijue mali ni ya nani, leo anaambiwa chapa hiyo ndiyo ushahidi wa wizi. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Njoo zizini kwangu! Ng'ombe asiye na chapa ndiye uulize katoka wapi!"

Jovita, karani wa duka, aliichukua skana kimya kimya, akatoa betri. Namba nyingine ilikuwa ndani, safi kabisa. Akaiingiza kwenye kompyuta, akasoma kwa sauti bila kufikiri.

"Imeshasajiliwa. Mmiliki ni Damasi..." Akasita. "Zote kumi na mbili, bosi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya kuuza, bwana huyu alizisajili zote kwa jina lake, kampuni imwone wakala hodari, wenye mali akawaacha hivyo hivyo.

"Nilitaka kuwarahisishia, mzee wangu."

"Kwetu," Kipuyo alisema, sasa kwa sauti ya chini, "anayepiga chapa yake kwenye ng'ombe wa mwenzake ana jina. Umelitaja mwenyewe ulipoiona chapa yangu."

Damasi alifuta jina lake, akaandika la Kipuyo, akaunganisha waya. Baada ya dakika kumi skana ilikuwa tayari.

"Basi, mzee, imeisha. Safari njema."

Kipuyo akavuta benchi mpaka mlangoni, akaketi, akauziba mlango wote.

"Bado majina kumi na moja," alisema. "Anza na Sanaet."