Kenge wa Bishar na Arobaini ya Ikran

"Aabo, siku nitakayotoka nje na mtoto, nisimkute huyo mnyama," Ikran alisema. "Nikimkuta, nafunga mizigo yangu narudi Wajir kwa mume wangu."

Aliyasema hayo akiwa ndani, nyuma ya pazia, kwa sababu arobaini yake ya uzazi ilikuwa haijaisha. Baba yake, mzee Bishar, alikuwa uani amechuchumaa kando ya banda la senyenge, akimkuna shingo kenge wake. Tangu puani hadi ncha ya mkia, kenge huyo alikaribia urefu wa mtu mzima.

"Awr haumi," Bishar alijibu. "Muulize mama yako. Amewahi kumwuma nani?"

"Mimi usinitie humo," mkewe Sahara alisema kutoka jikoni. "Kuku wangu aliowala sijawasahau."

Bishar aliendelea kukuna. Alimtaka kenge wake, na alimtaka mjukuu wake Yurub, ambaye mpaka siku ile alikuwa amempakata mara chache tu. Hakuona kwa nini nyumba moja isiwatoshe wote wawili.

Maisha yake yote alikuwa mfugaji wa ngamia upande wa Diff, hadi ukame ulipowamaliza. Ndipo akahamia Garissa na kulima migomba kando ya Tana. Mwaka mto ulipofurika, maji yalipopungua yalimwacha kwenye kibanda cha pampu kenge mdogo, mguu umenaswa na kipande cha wavu. Wenzake walisema apigwe rungu kabla hajajua njia ya kuku. Bishar akaukata ule wavu, akamtia kenge guniani, akaenda naye nyumbani. Alimwita Awr, jina ambalo Wasomali humwita ngamia dume wa mizigo, kwa vile alivyotembea akiyumbisha mabega kama aliyebebeshwa hema zima.

Kumtunza alijifunza mwenyewe, kwa kutazama. Alimlisha siku ya mawingu, chakula kikaoza tumboni na kutapikwa. Akajua kwamba huyu lazima aote jua kwanza, ndipo ale. Alimpa nyama ya mbuzi yenye mafuta, kenge akanenepa hadi tumbo likaburuta chini na miguu ikaanza kutetemeka. Akarudi kwenye panya, mayai na samaki wadogo wa Tana, pamoja na mifupa yao. Ngozi ilipokwama vidoleni wakati wa kujivua gamba, alimlaza kwenye karai la maji ya uvuguvugu mpaka ikalainika. Alijua kwamba koo likivimba ni vizuri kumwacha, na mkia ukijikunja kama upinde ni vizuri kusogea mbali. Mkia huo ndio uliovunja chupa ya chai ya Sahara.

Na akikunwa shingo, Awr alifumba macho. Dalili hiyo Bishar hakuhitaji kujifunza. Ngamia naye, ukimkuna chini ya taya, hufumba macho akikuamini.

"Bishar, ngamia wako siku hizi wamefupika miguu!" Ramlo, jirani yake muuza maziwa, alizoea kumtania kutoka upande wa pili wa ua. "Huyo unamkamua saa ngapi?"

"Akianza kutoa maziwa nitakuuzia wewe kwanza, uongeze kwenye maji yako."

Lakini wiki ile Awr alibadilika. Alikataa samaki, akakataa mayai. Mchana kutwa alikwaruza sakafu ya saruji, pembe hii na pembe ile, mpaka kucha zikatoa damu, na pua ikachubuka kwa kusukuma senyenge. Bishar alimtazama asubuhi mbili tatu, kisha akatulia, maana aliona amepata jibu. Ngamia dume akipandwa na hamu ya majike huacha kula, hukonda, hukosa utulivu. Ukimfunga mahali padogo unamzidishia wazimu. Dawa yake ni kumpa nafasi azunguke mpaka damu ipoe.

"Amebalehe," alimwambia Sahara. "Ni udume tu unaomsumbua."

Alasiri moja akafunga lango la nje, akafungua banda. Awr akatoka taratibu, ulimi ukiingia na kutoka, akaufuata ua kwa pembeni. Alionekana ametulia. Adhana ya alasiri ilipolia, Bishar alimwacha amejilaza chini ya ukuta, akaenda msikiti wa pale kona.

Alikuwa anavaa viatu baada ya swala aliposikia sauti ya Ikran. Haikuwa na maneno ndani yake. Alikimbia kiatu kimoja mguuni.

Chumba cha mzazi kilikuwa kile cha zamani, cha sakafu ya udongo, na Sahara alikitia joto kutwa kwa makaa ya chetezo. Ikran alikuwa ametoka dakika chache kwenda kuoga nyuma ya nyumba. Sasa alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika, mikono kichwani. Mbele yake, kati ya mlango na kitanda, Awr alikuwa anachimba. Udongo uliruka mpaka juu ya shuka. Kitandani, karibu na ukingo, Yurub alikuwa ameamka na anarusha miguu.

"Aabo, nikisogea ananirukia. Aabo!"

Mkia ulipiga mguu wa kitanda, kitanda kikatikisika. Bishar aliingia akinyata, akamwita Awr kwa ile sauti ya siku zote. Kenge akaacha kuchimba. Akabaki kimya kabisa, kisha akafumba macho.

"Mnaona? Amenitambua," Bishar alinong'ona, akanyoosha mkono kumkuna shingo.

Hakuona kichwa kikigeuka. Aliona tu kwamba mkono wake haupo, na mahali pake kuna kichwa cha kenge mpaka kwenye kifundo. Maumivu yalichelewa kufika. Kilichotangulia ni mshangao, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ukuta.

Macho ya Awr sasa yalikuwa wazi. Yalimtazama kama yanavyotazama jiwe.

"Usimvute!" alimwambia Sahara, ambaye alikuwa amefika na mwiko mkononi. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Akivutwa anazidi kuuma. Ikran, mdomo wake una kazi. Mchukue mtoto sasa."

Ikran aliruka juu ya mkia, akamnyakua Yurub, akatoka naye. Sahara akaleta ndoo ya maji. Bishar akautumbukiza mkono pamoja na kichwa kilichoung'ang'ania, akangoja, maji yakigeuka mekundu, mpaka taya zikaachia. Wakamfunika kenge kwa blanketi na kumrudisha bandani.

Zahanatini walimshona, wakamdunga sindano ya pepopunda. Mhudumu alimwuliza ni mbwa? Bishar alitikisa kichwa. Alikuwa bado anayafikiria yale macho yaliyofumbwa. Siku zote zile, kila alipomkuna, mnyama alikuwa anavumilia tu, anangoja mkono uondoke. Yeye akarudi nyumbani kila jioni akijiambia amependwa.

Asubuhi, Bishar akiwa amesimama mbele ya banda, dirisha la chumba cha mzazi lilifunguka.

"Aabo," Ikran aliita kwa sauti ya chini. "Angalia nyuma yake."

Juu ya saruji, karibu na mkia wa Awr, palikuwa na yai jeupe, laini, limebonyea upande mmoja.

Bishar aliketi chini palepale alipokuwa. Sahara alikuja, akalitazama yai, akamtazama mumewe.

"Wallahi! Bishar, wewe uliyekuwa ukimjua ngamia mwenye mimba akiwa ng'ambo ya kisima?"

"Hajawahi kuonana na dume," Bishar alisema. "Amekaa peke yake tangu utotoni."

"Hata kuku wangu hutaga bila jogoo. Waliobaki."

Hakuna aliyecheka. Kenge alianza tena kukwaruza saruji, kucha zikiacha michirizi ya damu. Ikran alimtazama kwa muda mrefu, mtoto kifuani.

"Alikuwa anatafuta pa kuzalia," alisema. "Akaona chumba changu. Kuna joto, kuna udongo." Akamhamishia mtoto begani. "Neno langu ni lilelile, aabo. Simtaki hapa. Lakini usiende kumtupa tu mtoni na mayai tumboni."

Bishar alimbeba shambani kwenye mkokoteni, ndani ya gunia, mpaka kwenye kichuguu kilichokuwa nyuma ya migomba. Akafungua gunia kwa mkono wa kushoto, akasogea mbali. Kenge aliulamba udongo kwa ulimi wake, mara moja, mara ya pili, kisha akaanza kuchimba, safari hii bila wazimu. Akazama mpaka ukabaki mkia peke yake, kisha na mkia ukaingia.

Jua lilikuwa limeinama alipotoka, tumbo limelegea, ngozi yote tope. Aliufukia mlango wa shimo, akapita karibu na miguu ya Bishar bila hata kutoa ulimi.

"Awr," Bishar aliita, jina ambalo sasa halikumfaa.

Kenge aliingia majini, akaondoka.

Arobaini ilipotimia, Ikran alitoka nje, mwili ukinukia udi. Uani banda lilikuwa tupu, mlango wazi. Alilitazama, kisha akamweka Yurub kwenye mkono mzima wa babu yake, akaenda kumsaidia mama yake kugawa chai kwa majirani.

Bishar alinyoosha kidole kimoja kutoka kwenye bandeji, akamkuna mtoto taratibu chini ya kidevu. Yurub akafumba macho.

Moyo wa mzee uliruka. Akakiondoa kidole haraka.

"Ikran! Njoo. Hapa amestarehe, au anavumilia?"

Ikran alisimama, birika mkononi. Alitaka kumcheka, lakini aliuona uso wake.

"Analala tu, aabo," alisema.

"Una hakika?"

Ikran akaweka birika chini, akaja kumwangalia mtoto pamoja naye.