Baromètre ya Ziwa Katika Bureau ya Beu

Saa mbili na nusu asubuhi Tamar alifika Beni, katika bureau moja ya serikali mtaani Beu, na barua ya wavuvi wa Ziwa Edouard ndani ya plastiki. Walitaka warudishiwe baromètre yao, kipimo cha hewa, ile ya shaba iliyotundikwa ufukweni tangu wakati wa Wabelgiji. Sindano ikishuka, hakuna mtumbwi uliotoka. Tamar ndiye aliyeisoma, kama mama yake zamani. Mwezi wa tatu mkuu wa bureau, Bwana Edmond, aliichukua ikasafishwe, akaitundika juu ya kiti chake.

Kwenye benchi la koridoni walikaa wanaume kumi na mmoja, nguo zikivuja maji. Tamar aliwajua wote: walizama tangu baromètre ichukuliwe. Wanane walizikwa, watatu ziwa halikuwarudisha. Josée, sekretari, alikuwa akikausha sakafu. Alieleza kwamba hao huja kila siku ya kazi kusoma sindano mlangoni mwa Bwana Edmond, akamwomba Tamar apite kando ya ukuta asiteleze.

Kahongya, mume wa Tamar, alikuwa wa nne. Akamsogezea nafasi.

“Mama Hadassa, inashuka. Uite ku port, leo basitoke.”

Tamar akapiga simu bandarini. Mchana dhoruba ilipita ziwani, mitumbwi yote ikiwa mchangani. Beni jua liliwaka.

Edmond aliisoma barua mara mbili. Alimpa Tamar kiti.

“Mama, hii ni patrimoine ya État, mali ya serikali. Kule ku maji itaharibika.”

“Patron, ni kule inatumika.”

Edmond akagonga muhuri kwamba barua imepokelewa.

Tamar akapanga chumba Beu. Kila asubuhi alikaa karibu na mumewe, akipokea habari na kupiga simu. Siku moja alimuuliza kama anasikia baridi. Kahongya alisema amezoea. Kwa wiki sita hakuzama mtu.

Ikaja sikukuu, bureau ikafungwa siku tatu. Tamar alimsihi polisi wa getini amfungulie. Polisi alijibu kwamba ufunguo uko na patron, na patron amesafiri Butembo. Siku hizo hata wafu hawakuja.

Jumanne, bureau ilipofunguliwa, koridoni kulikuwa na wapya wanne, wamesimama. Mmoja alikuwa Josaphat, mume wa binti yake Hadassa, bado na kamba ya wavu mkononi.

“Mama,” akauliza kwa heshima, “laini ya kungoja inaanzia wapi?”

Tamar alimwonyesha. Edmond alipopita koridoni akaona watu wamesimama, akamwambia Josée aagize benchi la pili.