Mkomamanga Kando ya Kisima

Ofisi ya tafsiri ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo. Asubuhi mwanga ulipanda kutoka chini ukachezacheza darini kama maji. Humo walifanya kazi wawili: Mzee Kamusi, aliyekuwa akigeuza Kilatini kuwa Kiingereza tangu kichwa chake hakijaota mvi, na msichana aliyepachikwa jina la Kimya, mchapaji wake. Desturi yao ilikuwa moja. Mzee huipitia karatasi, hufumba macho, hutamka Kiingereza taratibu. Kimya huchapa bila kuitazama. Wawili wakichungulia karatasi moja, Mzee alisema, maneno huona haya.

Siku hiyo fundi cherehani alileta ukurasa wa marehemu baba yake, aliyeacha masomo ya upadri akamwoa mama wa fundi. Mama sasa alikuwa mahututi, na alitaka kujua mumewe aliandika nini. Hata kama ni matusi, aliagiza, asomewe. Fundi akaenda kungoja nje kwenye ngazi.

Mzee alifumba macho. Maneno yakamtoka laini: mwezi, subira, mpenzi asiyezeeka. Kimya alichapa kama aotaye, vidole vikielea. Lakini alipokuwa akizibana karatasi pamoja, jicho lake lilitua kwenye Kilatini, alichokisoma chuoni miaka miwili. Mwezi haukuwamo. Mpenzi hakuwamo. Ilikuwa orodha ya mimea, kila mmoja na mahali pake: waridi jeupe chini ya dirisha, mnanaa mlangoni, mkomamanga kando ya kisima.

Ndipo akaelewa kwa nini siku hizi Mzee alikipapasa kikombe kabla ya kukishika.

"Babu," alinong'ona, "karatasi haisemi hivyo."

Mzee alifumbua macho. "Nina miezi sasa naona ukungu tu, mjukuu wangu. Na yule mama anatuaga. Wewe ungempa mnanaa?"

Kimya hakuwahi kumkatalia mtu kitu, hadi siku hiyo. Alirudi mezani akachapa upya, mnanaa na yote, na tarehe iliyokuwa juu kabisa. Kisha akamwita fundi.

Fundi alisoma akiwa wima. Akarudia. Akaketi.

"Mdogo wangu, hii ni bustani ya mama," alisema. "Hata huo mkomamanga, uko palepale." Kidole chake kikapanda kwenye tarehe. "Mwaka mzima kabla ya harusi. Kumbe mapadri wanamfundisha sala, mwenzao anapanda maua yetu kichwani."

Akacheka, machozi yakimdondoka, akashuka ngazi mbiombio ili amkute mama yake macho.

Mwanga uliendelea kuyumba darini. Mzee alipapasa meza mpaka akaupata ukurasa uliofuata, akausukuma upande wa Kimya.

"Basi uwe unanisomea wewe hicho Kilatini," alisema. "Mimi nitafumba macho kama kawaida."