Kisanduku cha Redio

Wahenga wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Si kweli. Mimi nilichimba, akaingia mjomba.

Mjomba Ambindwile alikuwa mtu wa redio kwenye kiwanda chetu cha chai tangu kikiwa cha serikali. Redio ilikuwa ya ridhaa, ya wale wanaoongea nchi kwa nchi kwa mapenzi tu. Aliiacha mhandisi mmoja Mholanzi. Ilikaa kibandani juu ya kilima, maana bondeni haikamati kitu. Kila asubuhi mjomba alipanda na matope yale, akaita mashamba ya Suma, kisha akashuka na majibu kwenye karatasi. Miaka kumi na tisa, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Magoti yake yakachoka.

Ni yeye aliyenifundisha kulehemu waya nikiwa bado navaa kaptura. Mwaka 1998, nikiwa fundi umeme palepale, nikataka kumlipa wema. Niliagiza chipu, kakompyuta kasikozidi ukucha wa kidole gumba, nikakafundisha kupokea namba kupitia waya wa simu ya zamani uliotoka ofisini hadi kibandani: namba hii iwashe redio, ile ibadilishe masafa, nyingine irushe sauti. Ofisini nikaweka kisanduku chenye vitufe na kipaza sauti. Miezi minne redio ilinichezea, mara inajizima, mara inarusha yenyewe. Siku ilipotii, nilimkumbatia mjomba. Sasa angefanya kazi amekaa kitini.

Ningenyamaza hapo. Lakini nilitaka sifa, nikamwita Bwana Medard, meneja aliyeletwa na wanunuzi wa kiwanda. Kwa heshima nikamwachia mjomba abonyeze. Akaita Suma, Suma wakaitika.

"Mwipwa wangu ameirahisisha, bosi," mjomba alisema kwa furaha. "Hata mtoto ataiweza!"

"Kweli kabisa, mzee," alisema Medard.

Wiki ileile mjomba akapewa barua ya kupunguzwa kazi. Redio akaongezewa Lilian, karani. Ubinafsishaji, walisema, kama vile wanataja hali ya hewa.

Nilimfuata mjomba kwake Nkunga, nina hasira na Medard, na mdomo wa mjomba, na zaidi na kichwa changu. Nilimkuta anapunguza majani ya migomba. Hakunigombeza. Afadhali angenitukana.

"Kile kitu unakijua wewe peke yako?" aliuliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Kikifa, nani atakifufua?"

"Hakuna."

"Basi kiue. Wataniita."

Nilimjibu nitaona. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na orodha ya pili ya kupunguzwa ilishaanza kunong'onwa.

Jumatatu Lilian alinijia mbio: kisanduku hakiitiki. Nilipanda kilimani, nikakuta panya amekata waya nje ya kibanda. Sikuhitaji kuua chochote; panya alishanifanyia. Ningeshuka tu niseme kimekufa. Nilisimama pale na koleo mkononi, mvua inanilowesha, nikimwaza mjomba na kuwaza orodha. Kisha nikauunga ule waya, nikauzungushia utepe vizuri maji yasiingie.

Niliposhuka, mjomba alikuwa getini. Mlinzi alimpelekea habari kwamba redio imekufa, naye alikuja amevaa koti lake la kazi, limepigwa pasi.

"Wameniita?" aliuliza.

"Rudi nyumbani, mjomba," nikamwambia. "Nimeshakitengeneza."