Ngozi Ndani ya Sikio la Elvire

Sikio la kushoto la Elvire lilinuka samaki aliyeoza. Kila asubuhi, nyumbani kwao Ngagara, aliloweka foronya yenye usaha, kisha mama mkwe wake, Candide, akamlaza ubavu na kumtilia mawese ya uvuguvugu. Yalitoka na magamba meupe. Nzi walikunywa humo. Ilitia kinyaa, tuseme ukweli. Kanisani walimhamishia benchi ya mlangoni.

Tangu Pasaka ya mwaka juzi, kiganja cha kulia cha mumewe, Zénon, hakikuwa na ngozi. Alisalimia watu kwa kuwanyoshea kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka kunawa. Walikishika bila kuuliza.

Mdomo wa Elvire ulipoanza kwenda upande na wali kumdondoka, walikwenda hospitali. Daktari Amandine alifyonza usaha, akachungulia kwa darubini.

"Iyi si uchafu, mama. Ni ngozi. Ngoma ya sikio ilipasuka, ngozi ya inje ikaingia mu tundu. Sasa inakula mifupa. Tukiiacha itafika ku bongo. Mawese muache kabisa. Nani alikupiga?"

"Alianguka," Zénon akajibu.

Elvire alipasuliwa. Kesho yake daktari alileta wodini beseni lenye donge jeupe, akalifungua mbele yao tabaka kwa tabaka, kama kitunguu. Harufu ilimtoa muuguzi nje. Katikati kulikuwa na ngozi ya kiganja cha mwanamume, vidole vitano, na kovu la kisu chini ya dole gumba.

"Mama, ulianguka kweli?"

"Niliweka chumvi mingi mu mchuzi," akasema Elvire.

"Iyo ni yangu," akasema Zénon. Akaisuuza bombani, bila hata sabuni, akaivaa. Ilimtosha.

Daktari alimwagiza Elvire asiingize maji sikioni, na arudi kuangaliwa. "Iyi ngozi inarudiaka," alisema.

Jumapili Zénon alisalimia kanisa zima kwa kiganja kizima. Watu walimshukuru Mungu kwa kumponya. Elvire, kichwa kimefungwa bandeji, alikaa palepale mlangoni. Sikio halikunuka tena, lakini hakuna aliyemwita mbele.

Nyumbani Candide alipakua. Zénon akaonja mchuzi.

"Chumvi," akasema.

Akaweka kijiko chini, akajifuta kiganja kwenye suruali. Candide akaendelea kupakua. Elvire akageuza uso kidogo, ili kofi limpate kwenye sikio lile lile lililokwisha kuharibika.