Mkono wa Pole kwenye Bariyeri

Bibi Sharifa alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa mkono wa kushoto, na Malaika hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Mwanamke aliyetwanga kwa mkono wa kulia maisha yake yote, na kwa mkono huohuo akachapa watoto wa mtaa mzima, hahamii wa kushoto bure.

"Bibi, mukono iko na nini?"

"Iko na miaka sabini na mbili. Unanichunguza nini, mbanda? Unataka nikufe uolewe na Marehemu?"

Mbanda ni mke mwenza, na kwetu Kindu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake tangu siku anayozaliwa. Kutukanana ni haki yao. Huyo Marehemu ni babu Abedi, ambaye saa hiyo alikuwa kando anaziba tairi la baiskeli, mzima kabisa. Jina hilo alilipata wakati wa vita. Tutafika huko, msinisukume.

Malaika alikuwa daktari, lakini udaktari haukumtosha. Alirudi darasani Kinshasa kutafuta kwa nini askari wa mwili, wale wanaozunguka kwenye damu kupigana na magonjwa, huiacha saratani ipite. Miaka minne ameinamia hadubini. Basi mtu wa hivyo humdanganyi kwa miaka sabini na mbili. Alimvuta bibi ndani, akampapasa, akakuta kwenye titi la kulia, karibu na kwapa, uvimbe mgumu kama kokwa la ngazi, tunda la mchikichi. 

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Ramadhani gani?"

Bibi akaangalia ukuta. "Ile ya mwaka jana."

Malaika akampigia simu Félicien, daktari mpasuaji aliyesoma naye, aliyekuwa anafanya kazi hospitali ya mjini. Wakapatana: kesho asubuhi Félicien achukue kipande kwa sindano, kidogo kama punje ya mchele, na Malaika aondoke nacho, maana ndege yake ya Kinshasa ilikuwa kesho kutwa. Kindu hapakuwa na wa kukipima. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mwenye titi.

"Siendi! Zainabu jirani walimuchoma sindano, mwezi wa tatu tukamuzika."

"Zainabu alichelewa, bibi. Sindano haikumuua."

"Mimi niko na askari wangu humu ndani. Malaria wameishinda, kolera wameishinda. Hakuna kitu kitawapita."

"Askari wanadanganywa."

"Wangu? Aa wapi!"

Nje kulisikika kicheko. Abedi aliachia tairi lake. "Weye Sharifa njo unasema askari hawadanganywi? Weye?"

Hapo bibi akashindwa kujizuia. Hadithi ile aliipenda kuliko nyama. Mwaka ule mji ulikuwa umezingirwa, chumvi ikawa kama dhahabu, na askari walikuwa wanamtafuta Abedi wamuue, eti anatengeneza baiskeli za watu wa msituni. Sharifa akamviringisha sanda, akamlaza kwenye jeneza, akaita majirani wanne wabebe, akatangulia mbele analia yoyoo mpaka kuku wakakimbia. Kwa Waislamu mwanamke haendi makaburini, lakini yule askari wa bariyeri, kizuizi cha kutokea mjini, alitoka mbali, angejulia wapi?

"Na hakugundua kitu?" Malaika aliuliza. Alikuwa ameisikia hadithi hii mara mia, ila swali hilo hakuwahi kuliuliza.

"Nani alikuambia? Aliona! Marehemu huyu alichezesha kidole cha muguu."

"Inzi alinitambalia," Abedi akajitetea.

"Askari akaweka mukono kwenye bunduki. Mimi nikaudaka mukono wake kwa mikono yangu miwili: asante mwanangu kwa kunipa pole, Mungu akulipe! Watu nyuma wakaitika amina. Sasa mutu akishakupa mukono wa pole, atafunua maiti yako namna gani? Alilegea. Tukapita."

Malaika akakaa chini, palepale kwenye mkeka.

"Bibi, hicho njo kitu ninasoma miaka mine. Saratani haijifichi kila mara. Askari anaiona, anataka kupiga, lakini inamushika mukono, inamutuliza. Tunatafuta dawa ya kuushika ule mukono kabla haujafika. Zingine zinasaidia, zingine bado. Lakini yako pengine ingali ndogo, pengine kisu kitatosha. Lazima tujue."

 Bibi alijishika ubavuni, akaangalia chini kwenye kifua chake kama mtu aliyesikia mgeni anakohoa chumbani. Macho yakamtoka.

"Unataka kusema humu ndani kuna Sharifa?"

"Kama wewe kabisa."

"Mama yangu weye! Basi askari wangu wamekwisha. Yule mwanamuke hakuna mutu anamuweza." Akasimama, akajifunga kikwembe kiunoni. "Kwa nini unangoja kesho? Twende sasa!"

Félicien akawapokea siku ileile. Alipomnyooshea bibi mkono, "Pole, mama," bibi akauficha wake mgongoni: "Mambo ya mikono baadaye. Kwanza kazi." Lakini kitandani utani ukamwisha. Alisema anaogopa, wazi kabisa, na Malaika akasema na yeye pia. Abedi alikuwa nje ya mlango, analia bila aibu.

Sindano ikaingia, ikatoka. Kipande kikawekwa ndani ya kichupa, kiuzi cheupe tu kinachoelea. Bibi akaomba akione. Akakikazia macho muda mrefu.

Malaika akachukua kalamu. Kinshasa vichupa vya namna hii vilimpitia mikononi kwa mamia, na kila mara aliandika namba tu. Sasa alipaswa kuandika jina. Akaandika herufi tatu, machozi yakamziba, kalamu ikaanza kuteleza.

"Andika vizuri, mbanda," bibi akamwambia. "Wasije kukata mutu mwingine."