Mikono ya Magome

Kwa miaka kumi na minane Elisifa alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wao, kule Mwika, juu ya Himo. Hapakuwa na msiba wala harusi mtaani kwao ambako sauti yake haikusikika. Akianza yeye, wengine wanapata pa kushika.

Mwaka huu, mwezi wa pili, akafanyiwa upasuaji wa tezi shingoni, maana lilikuwa limevimba hata kumeza ugali ikawa kazi. Daktari alimwambia mapema kwamba karibu na tezi hilo unapita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, na kwamba mara chache huguswa. Elisifa akaweka sahihi. Alipozinduka, sauti iliyomtoka ilikuwa kama ya mtu anayekwangua sufuria. Wakamwambia asubiri miezi mitatu. Akasubiri minne.

Mwezi wa sita baba yake akafariki. Wakamzika nyumbani kwake, ndani ya kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Kwaya ikasimama, na watu kwa mazoea wakamgeukia Elisifa. Akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tu. Aika, binti wa sauti ya pili, ndiye aliyeuanzisha wimbo, tena akauanzia juu mno, kwaya nzima ikahangaika kumfuata mpaka mwisho. Elisifa alibaki akiutazama udongo, hajui anamlilia baba au anaulilia ule wimbo.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena mazoezini.

Sasa, habari ya magome ilianza hivi. Mama mkwe wake, Elinipendo, alimtuma kihambani akalete magome makavu ya migomba ya kumtandikia ng'ombe. Elisifa akayabandua, akafunga mzigo, lakini alipofika zizini akakalia ndoo na kuanza kuyachambua. Mengine yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mengine kama kahawa iliyoungua, mengine yana michirizi myeusi. Akachukua kisu akakata kipande. Alipokigeuza, aliona amekata umbo la kidole gumba.

"Ng'ombe amesimama kwenye matope, na wewe umekaa!" mama mkwe akaita kutoka jikoni.

Elisifa akatandika yaliyobaki. Kile kidole akakitia mfukoni.

Wiki ile ile akanunua gundi ya mbao Himo. Akaingia stoo, akachukua ubao wa plaiwudi uliobaki walipopiga dari, akaanza kubandika. Kila akimaliza kazi za asubuhi anajifungia humo. Alitengeneza mikono, mikono tu. Mmoja umekunjwa, mmoja umenyooka, mmoja umeshika kitu kisichoonekana vizuri. Kuna siku alijiogopa, akadhani labda dawa ya usingizi ya hospitali ilimwachia kitu kichwani.

Mumewe, Gidioni, ni mpishi wa safari za mlimani. Aliporudi kutoka juu, akausimamia ule ubao muda mrefu huku akijikuna kidevu.

"Hii ni nini, mke wangu?"

"Sijui," Elisifa akanong'ona.

"Ni ya kuuza? Maana wageni wanapenda twiga. Weka twiga."

Akajaribu twiga. Alihangaika naye asubuhi nzima, akatoka mbuzi mwenye shingo ya kusikitisha. Gidioni akacheka mpaka akashika ukuta, na Elisifa naye akacheka, kwa ile sauti yake ya kukwangua, kisha akaona haya akanyamaza. Akarudi kwenye mikono.

Mwezi wa kumi na moja akaja Mzee Ebenezeri, mzee wa kanisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Jumapili ijayo ni siku ya shukrani, na zamu ni ya mtaa wenu. Tumeona usimame wewe. Ukishindwa kusema, andika, asome mwingine. Mwaka huu Mungu amekuvusha mengi."

Elisifa akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Mzee alipoondoka, hasira ikampanda. Amenivusha kwenda wapi? Akachukua karatasi akaandika, "Namshukuru Mungu kwa," kalamu ikasimama. Siku ya pili akaongeza "uzima," akalifuta. Uzima alikuwa nao, hilo hakulikataa. Alikula, akalala, akaamka. Lakini kila akijaribu kushukuru, aliona kama anasema ilikuwa sawa tu baba yake azikwe bila wimbo wake. Asiposhukuru napo, aliona ni mtu mwenye roho mbaya, maana wapo waliopasuliwa wasirudi nyumbani. Akazunguka na hayo mawili siku nzima, akatia chumvi mara mbili kwenye mtori wa ndizi.

Jumamosi mama mkwe aliingia stoo kutafuta kikapu. Miezi yote alikuwa akiulalamikia ule ubao bila kuutazama. Safari hii akautazama.

"Huyu ni Bernadetha," akasema.

"Nani?"

"Mkono huu. Kidole cha shahada kimeishia kwenye kiungo. Si ndicho kilicholiwa na mashine ya kukatia majani? Umempatia kabisa."

Elisifa akasogea. Bernadetha ni jirani yao. Baada ya upasuaji alileta maziwa kila asubuhi, mwezi mzima. Anaweka jagi mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi, kwa kuwa hakujua atazungumzaje na mtu asiyeweza kujibu.

"Sikumfikiria Bernadetha, Mama."

"Hukumfikiria, lakini ndiye. Na huu wenye kovu la mafuta ni wa Gidioni. Huyu aliyeshika mpira wa dripu ni yule nesi mrefu. Huu uliokamata kiwiko cha mtu ndio siujui."

Elisifa alipouona huo, akakaa juu ya gunia la mahindi. Aliujua. Makaburini, muda wote wa ule wimbo ulioanziwa juu, Aika alikuwa amemshika kiwiko. Binti wa watu alikuwa akitetemeka, anaimba vibaya, na hakumwachia. Elisifa aliukumbuka wimbo kila siku. Mkono alikuwa ameusahau.

"Na mimi umeniweka wapi?" mama mkwe akauliza.

Elisifa akatafuta ubao mzima, juu na chini. Hakumwona.

"Sijui, Mama. Nisamehe."

"Na mimi ndiye niliyekuosha ulipotoka hospitali!" Elinipendo akacheka, lakini cheko halikufika mbali. Akageuka kwenda zake.

Elisifa akamkimbilia, akamshika. Akamkalisha kwenye benchi la nje, akauweka mkono wake mapajani na kuuangalia kama mtu anayesoma: mishipa, kucha zilizoliwa na kazi, pete iliyogoma kutoka. Mama mkwe akanung'unika kwamba kuku hawajala, lakini mkono hakuuondoa. Kabla jua halijazama, kona ya ubao iliyokuwa wazi ilikuwa imejaa.

Jumapili Gidioni akaubeba ubao, umefungwa kanga. Elisifa akasimama mbele, kipaza sauti karibu na midomo.

"Maneno sina," akasema kwa ile sauti yake. "Nimeleta hawa."

Gidioni akaifungua kanga. Wengine walipiga makofi, wengine wakaulizana chini kwa chini. Mzee Ebenezeri aliuinamia ubao, akainamisha na kichwa upande. Ndipo Bernadetha akatoka kwenye benchi lake, akaja mbele, akaweka mkono wake juu ya ule wa magome, kidole kifupi juu ya kidole kifupi.

"Umenifanya mnene," akasema, na watu wakaangua kicheko.

Walipotoka nje, ndizi na mayai ya sadaka vikipigwa mnada, Aika akasimama mbali anafuta macho. Elisifa akamwendea wakakumbatiana.

Wakarudi nyumbani kwa miguu. Elisifa alikuwa ametoa shukrani, na ile hasira ya makaburini ilikuwepo bado. Hakuelewa vinawezaje kukaa vyote ndani ya kifua kimoja, akaviacha vikae.

"Utatengeneza picha nyingine?" Bernadetha akamuuliza njiani.

"Ndiyo."

"Ya nini?"

"Sijajua," Elisifa akasema. "Nikuombe magome ya kihamba chako. Ya kwetu yamebaki meusi tu."

"Njoo kesho," Bernadetha akajibu. "Njoo na panga."